Chico Mendes: Mgema mpira aliyejua bei ya msitu

Ukitaja jina Chico Mendes pale kwa kinyozi, mtu atakuuliza anachezea timu gani. Siwalaumu. Jina lina ladha ya kandanda na kwao ni Brazil. Lakini huyu jamaa hakujulikana kwa viatu vya kabumbu. Alikuwa mgema wa mpira, na hapa simaanishi ule wa miguu. Namaanisha utomvu mweupe unaochuruzika kwenye mti ukiuchanja, ule unaotengenezewa magurudumu, glavu za hospitali na kondomu. Aliuawa akiwa na miaka 44 kwa sababu alisema msitu uliosimama una pesa kuliko msitu uliolala chini, halafu akaenda kusimama mbele ya misumeno.

Jina lake kamili ni Francisco Alves Mendes Filho. Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1944 kwenye msitu wa mpira ulioitwa Porto Rico, karibu na mji mdogo wa Xapuri, jimbo la Acre. Acre iko magharibi kabisa mwa Brazil, imebanwa kati ya Peru na Bolivia. Hadi 1903 ilikuwa ya Bolivia, na kilichofanya Brazil iitake ni huo huo mpira.

Hebu nirudi nyuma kidogo, maana bila hii stori hutaelewa hasira ya huyu mtu. Mwishoni mwa karne ya 19 dunia ilikuwa na kiu ya mpira, kwanza wa magurudumu ya baiskeli, baadaye ya magari. Mti bora wa mpira ulikuwa unaota Amazon. Matajiri wakasomba maskini kutoka kaskazini mashariki mwa Brazil, hasa Ceará ambako ukame ulikuwa unawamaliza, wakawaingiza msituni wakagemie huko. Ukoo wa kina Mendes ulitoka huko Ceará. Lakini mnamo 1876 Mwingereza aitwaye Henry Wickham alikuwa ashabeba mbegu karibu 70,000 hadi bustani ya Kew, London. Miche ikaishia Malaya na Ceylon, ikapandwa kwa mistari, na kufikia miaka ya 1910 bei ya mpira wa Amazon ikaporomoka. Matajiri wengi wakafunga virago. Wagema wakabaki porini na watoto wao.

Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Japani ikateka Malaya 1942, Marekani ikakosa mpira, na Brazil ikakusanya makumi ya maelfu ya watu wengine kuja kugema. Wakaitwa askari wa mpira. Maelfu walikufa kwa malaria na magonjwa mengine, na wengi walioahidiwa kurudishwa makwao vita vikiisha hawakurudishwa. Chico alizaliwa katikati ya hayo yote.

Ukisikia msitu wa mpira usifikirie mistari iliyonyooka kama majani chai ya Kericho. Kule Amazon miti ya mpira inaota yenyewe, mmoja hapa, mwingine kule mbali, kati yao miti mingine ya kila aina. Na usidhani hakuna aliyejaribu kuipanga. Henry Ford, yule wa magari, alianzisha mji mzima Amazon kuanzia 1928, akauita Fordlandia, akapanda mpira kwa mistari. Ugonjwa wa majani ukaruka kutoka mti hadi mti ukaimaliza. Mwaka wa 1945 familia yake ikairudishia serikali ya Brazil ile ardhi kwa hasara kubwa. Hela zote zile, na mtu asiyejua kusoma alikuwa anavuna mpira kilomita nyingi magharibi bila kupanda hata mti mmoja.

Chico alianza kazi na babake akiwa na miaka tisa hivi. Mgema anaamka kabla ya jua, anavaa taa ya mafuta kichwani, anashika njia. Njia yenyewe inazunguka kama kitanzi hadi imrudishe nyumbani, na inapitia miti mia moja au hata mia mbili. Kila mti anauchanja mchanjo mmoja mwembamba wa mshazari. Usiwe wa kina, kwa sababu ukiumiza mti ndani utakufa, na mti ukifa mshahara umekufa. Anatundika kikombe chini ya mchanjo, anasonga. Akimaliza mzunguko anaanza tena, safari hii akikusanya utomvu. Alasiri anaumimina kidogo kidogo kwenye kijiti anachokizungusha juu ya moshi, tabaka juu ya tabaka, mpaka linatokea bonge zito la mpira. Ule moshi unaingia machoni na kifuani, na wagema wengi walizeeka nao.

Familia moja ilihitaji njia kama tatu, na walizibadilisha ili miti ipate kupumzika. Ukizijumlisha na msitu unaozizunguka, makao ya familia moja yalikuwa hekta 300 hivi au zaidi. Shikilia hiyo namba, tutairudia.

Mvua zikianza kugema kunakuwa kugumu, kwa hivyo wanahamia njugu za Brazil. Mti wake ni jitu la mita hamsini. Tunda lake ni gumu kama nazi, linaweza kufika kilo mbili, na linadondoka lenyewe kuanzia mwezi wa Desemba. Likikupata kichwani, pole. Ukilipasua kwa panga unapata njugu kumi hadi ishirini na tano zimejipanga kama vipande vya chungwa. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyetia mbolea. Kazi ni kuokota, kupasua na kubeba gunia mgongoni hadi mtoni. Halafu kuna samaki, nyama ya kuwinda, matunda ya michikichi ya mwituni, dawa, na kishamba kidogo cha muhogo kando ya nyumba.

Sasa swali: kama msitu ulikuwa na mali hiyo yote, mbona kina Chico walikuwa hohehahe?

Jibu lilikuwa dukani. Tajiri aliyedai msitu ni wake alikuwa na duka lake, na mgema hakuruhusiwa kununua wala kuuza kwingine. Chumvi, mafuta ya taa, risasi za kuwindia, kisu cha kuchanjia, vyote vilichukuliwa kwa mkopo na bei aliipanga tajiri. Mwisho wa msimu mgema analeta mpira wake, tajiri anaupima kwa mizani yake, anakata kodi ya kutumia njia za msitu, anafungua daftari na kumwambia bado anadaiwa. Msimu baada ya msimu. Fikiria Fuliza ambayo mwenye kukukopesha ndiye anaandika salio kwa mkono, na wewe hujui kusoma. Mgema aliyepatikana akiuzia wachuuzi wa mtoni mpira wake angeweza kupigwa, na kuna waliouawa.

Na hawakuwa na shule. Haikuwa bahati mbaya. Matajiri hawakutaka shule, kwa sababu mtoto akijua kujumlisha na kutoa, lile daftari lingekuwa na maswali.

Chico alifika ujanani bila kujua kusoma. Kilichobadilisha mambo ni mtu mmoja mgeni aliyejitokeza katika eneo lao, Euclides Fernandes Távora. Huyu alikuwa ameshiriki uasi wa wakomunisti wa 1935 huko Brazil, akafungwa, akatoroka, akapitia Bolivia, mwishowe akajificha msituni kama mgema wa kawaida. Wikendi Chico alikuwa anatembea saa nyingi hadi kwenye kibanda chake. Hakukuwa na vitabu vya shule. Walisoma magazeti ya zamani, mengine ya wiki kadhaa nyuma. Usiku waliwasha redio na kusikiliza idhaa za Kireno za Moscow, BBC na Sauti ya Amerika, halafu wanajadili jinsi habari moja inavyosimuliwa kwa njia tatu tofauti.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo hapa nilisoma polepole. Kuna mtu aliyepata elimu yake yote kwenye gazeti kuukuu na redio, na baadaye akawasimamisha wakubwa wa benki Marekani. Sisemi muache shule, msininukuu vibaya kwa wazazi wenu.

Mwaka wa 1964 wanajeshi walipindua serikali ya Brazil. Távora alimshauri Chico kwamba vyama vya wafanyakazi vikifika huko kwao ajiunge, hata kama vitakuwa chini ya jicho la wanajeshi. Mzee akaondoka, akapotea. Chico akaendelea kugema na kuwafundisha wenzake kusoma.

Miaka ya 1970 ndiyo mambo yaligeuka. Serikali ya kijeshi iliamua Amazon ni shamba tupu lisilo na mwenyewe. Ikajenga barabara, na ikawapa matajiri wa kusini punguzo la kodi na mikopo nafuu ili waje kufuga ng'ombe. Wale matajiri wa zamani wa mpira walikuwa washafilisika, wakauza misitu kwa bei ya kutupa. Wakauza pamoja na watu waliokuwa ndani. Mgema anaamka asubuhi anaambiwa ardhi ina mwenyewe mpya na ahame. Akikataa, nyumba inachomwa. Familia nyingi zilivuka kwenda Bolivia, nyingine zikaishia vitongoji duni vya Rio Branco, mji mkuu wa Acre, bila kazi, kwa sababu ujuzi wao wote ulikuwa kwenye miti iliyoteketezwa.

Hesabu ya ng'ombe yenyewe ilikuwa mbovu. Udongo wa Amazon, licha ya kijani chote kile, ni maskini. Rutuba iko kwenye miti. Ukichoma miti, majivu yanalisha nyasi miaka michache, kisha nyasi zinakonda, na mfugaji anasonga mbele kuchoma kwingine. Ranchi ya maelfu ya hekta inaajiri wachungaji wachache tu. Bila ule msaada wa serikali nyingi zisingekuwa na faida. Kwa ufupi, pesa za umma zilitumika kuondoa familia zilizokuwa zinazalisha na kuweka ng'ombe waliokuwa hawalipi.

Mwaka wa 1975 chama cha wafanyakazi wa mashambani kilifunguliwa mji wa Brasiléia, jirani ya Xapuri. Chico akajiunga, akawa katibu. Kiongozi wao alikuwa Wilson Pinheiro, na ni chini yake mwaka wa 1976 ndipo ulianza mtindo ambao wenyewe waliuita empate. Ni hivi: wakisikia kuna mahali panakatwa, wanakusanyana, wanaume kwa wanawake na watoto, wanatembea hadi pale, wanasimama kati ya misumeno na miti. Hawapigi mtu. Wanaongea na wale vibarua wa kukata, ambao nao walikuwa maskini, wanawaeleza kwamba wanaua riziki ya watu kama wao. Kisha wanabomoa kambi na kuwaomba waende. Watoto na kina mama walikuwa mbele ili polisi wasifyatue risasi ovyo. Mara nyingine waliimba wimbo wa taifa, askari wakabaki wamesimama wima hawajui wafanye nini.

Usidhani walishinda kila siku. Kwa hesabu ya Chico mwenyewe, walifanya empate kama 45 katika miaka kumi na kitu, wakashindwa 30 na kushinda 15. Mamia walikamatwa, wengine wakateswa, wengine wakauawa. Lakini zile 15, alikadiria, ziliokoa zaidi ya hekta milioni moja.

Mwaka wa 1977 alianzisha tawi la chama Xapuri, na mwaka huo huo akaingia baraza la mji kama diwani. (Ni mwaka huo huo Wangari Maathai alianzisha Green Belt hapa kwetu. Hawa wawili wangepatana.) Siasa haikumbeba sana. Aligombea ubunge wa jimbo mara mbili, 1982 na 1986, akaanguka zote. Watu wa mjini walimwona kama mtu wa kurudisha maendeleo nyuma.

Tarehe 21 Julai 1980 Wilson Pinheiro alipigwa risasi akafa ndani ya ofisi ya chama. Siku chache baadaye kukawa na mkutano mkubwa, na mmoja wa waliohutubia alikuwa kiongozi wa wafanyakazi wa viwandani kutoka São Paulo, Lula, ambaye baadaye angekuwa Rais wa Brazil. Baada ya mkutano wagema wenye hasira wakamuua msimamizi mmoja wa ranchi. Kwa kifo cha Pinheiro polisi walikuwa wamelala, kwa kifo cha huyu wakaamka siku hiyo hiyo na kukamata watu ovyo. Chico na Lula walishtakiwa chini ya sheria ya usalama wa taifa, kesi iliyowaning'inia miaka kadhaa kabla ya kuachiliwa.

Nafikiri ni hapo Chico alitambua kwamba kusimama mbele ya misumeno hakutoshi. Leo umezuia hekta mia, kesho wanarudi na polisi. Ilibidi wapate jibu la swali ambalo wafugaji walikuwa wanauliza kila siku: sawa, hamtaki ng'ombe, mnataka nini?

Jibu la serikali lilikuwa kuwagawia ardhi vipande, kila familia hekta hamsini au mia na hati yake. Kwetu hapa mtu akipewa ekari mbili na hati miliki anachinja mbuzi, kwa hivyo hili linaweza kukushangaza: wagema walikataa. Rudia ile namba. Familia moja inahitaji hekta 300, na njia za mpira hazitembei kwa mistari iliyonyooka ya mpima ardhi. Ukimpa mgema hekta 50 umempa kuni. Atakata, atalima miaka mitatu, udongo utachoka, atamuuzia mfugaji, atahamia mjini. Ilikuwa imetokea tayari kwa wengi.

Oktoba 1985, kwa msaada wa mwanaanthropolojia Mary Allegretti aliyekuwa amesaidia kuanzisha shule za wagema, wagema kama 130 walikutana Brasília, mji mkuu wa nchi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kutoka Amazon. Walifanya mkutano wao chuo kikuu, wakaunda baraza la kitaifa la wagema, na wakatoka na wazo jipya kabisa: hifadhi ya uvunaji. Ardhi inabaki ya serikali, hakuna anayeweza kuiuza wala kuigawa. Familia zilizomo zinapata haki ya muda mrefu ya kutumia msitu, kugema, kuokota njugu, kulima kidogo, na zinatunga kanuni zao pamoja. Wazo lilitokana na maeneo yaliyotengewa jamii za asili za Kihindi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Wagema na Wahindi walikuwa maadui wa damu, kwa sababu babu za wagema walitumiwa na matajiri kuwaua na kuwafukuza hao Wahindi. Chico na wenzake, pamoja na viongozi kama Ailton Krenak, walikaa chini wakaunda muungano wa watu wa msituni. Hilo peke yake lingetosha kuandikiwa makala.

Kumbuka pia Chico hakuanza kama mwanamazingira. Alianza kama mtu wa chama cha wafanyakazi anayetaka mshahara wa watu wake usichomwe. Watu wa mazingira kutoka nje ndio walimpata yeye, wakiongozwa na mtengenezaji filamu Mwingereza Adrian Cowell na mwanaanthropolojia Mmarekani Stephan Schwartzman. Kwao alikuwa kitu adimu: mtu anayeishi msituni na anayeweza kueleza kwa hesabu kwa nini usikatwe.

Machi 1987 walimpeleka Miami, kwenye mkutano wa benki ya maendeleo ya nchi za Amerika iliyokuwa inafadhili kupanuliwa kwa barabara ya kuingia Acre. Chico akawaeleza wakubwa barabara kama hiyo ilifanya nini kwa majirani zao wa jimbo la Rondônia. Benki ikasimamisha pesa kwa muda hadi masuala ya msitu na wenyeji yashughulikiwe. Mwaka huo akapewa tuzo ya Global 500 ya UNEP, shirika lile lenye makao yake pale Gigiri, na nyingine New York. Nyumbani Acre wanasiasa na wafugaji walichemka: mgema ameenda ng'ambo kuwanyima barabara! Aliporudi, vitisho viliongezeka.

Kilichomuua ni msitu uitwao Cachoeira, mahali ambapo watu wa ukoo wake waliishi na yeye mwenyewe aligemia. Mfugaji aitwaye Darly Alves da Silva alidai ameununua na mwaka wa 1988 akataka kuufyeka. Wagema wakapiga kambi, wakakataa kuondoka. Mwishowe serikali ikautwaa msitu na kuutenga kwa ajili ya wagema. Darly alikosa. Juu ya hilo, Chico aligundua kwamba kulikuwa na hati ya zamani ya kumkamata Darly kutoka jimbo la Paraná, akaifikisha kwa polisi. Ikakaa kwenye meza fulani siku kadhaa, na kufikia wakati walipoamka Darly alikuwa ameshaingia mafichoni.

Chico alijua. Aliandikia wakubwa barua akitaja nani anataka kumuua. Alipewa polisi wawili wa kumlinda. Jioni ya tarehe 22 Desemba 1988, wiki moja baada ya kutimiza miaka 44, alikuwa jikoni kwake anacheza domino na hao polisi. Mkewe Ilzamar alikuwa anaandaa chakula, watoto wao wawili wadogo wakiwa nyumbani. Chico akachukua taulo aende kuoga. Bafu lilikuwa nje, nyuma ya nyumba. Alipofungua mlango wa nyuma alipigwa risasi ya bunduki ya kuwindia kifuani. Akarudi ndani akianguka.

Waliomuua walidhani ni mgema mwingine tu, kama wengi waliouawa bila kesi. Lakini habari ilizunguka dunia. Desemba 1990 Darly na mwanawe Darci, aliyekiri kufyatua risasi, walihukumiwa miaka 19 jela kila mmoja. Mwaka wa 1993 wakatoroka, na hawakukamatwa tena hadi 1996.

Machi 1990 serikali ilitangaza Hifadhi ya Uvunaji ya Chico Mendes, karibu hekta milioni moja kuzunguka Xapuri na miji jirani. Baadaye hifadhi kama hizo zilienea sehemu nyingi za Brazil, hata pwani kwa wavuvi.

Na ile hesabu yake? Juni 1989, miezi sita baada ya kifo chake, watafiti watatu walichapisha makala kwenye jarida la Nature. Walikuwa wamehesabu kila mti kwenye hekta moja ya msitu karibu na Iquitos, Peru. Matunda, utomvu na mbao za kukatwa kwa uangalifu, ukivuna miaka yote, vilikuwa na thamani ya leo ya dola 6,820. Hekta hiyo hiyo ikigeuzwa malisho ya ng'ombe ilikadiriwa dola 2,960. Wengine waliwakosoa, na mimi nadhani wana hoja: hekta yao ilikuwa karibu na soko, na kila mtu akileta matunda yale yale sokoni bei itaanguka. Ila hata ukipunguza kwa nusu, mgema bado yuko mbele ya ng'ombe.

Tatizo ni kwamba hesabu ya msitu inaenda na bei ya soko. Miaka ya 1990 serikali iliondoa ulinzi uliokuwa unazuia mpira wa bei nafuu kutoka Asia, na mpira wa Acre ukawa hauna maana. Mwaka wa 1999 jimbo la Acre lilipitisha sheria yenye jina la Chico ya kumwongezea mgema malipo kwa kila kilo. Mwaka wa 2008 kiwanda cha kondomu kilifunguliwa Xapuri, kikitumia mpira wa miti ya mwituni na kuiuzia serikali kondomu za kugawa bure. Hata hivyo familia nyingi ndani ya hifadhi yenye jina lake zimeanza kufuga ng'ombe. Mtoto akiugua usiku huwezi kuuza njugu ambazo hazijadondoka, lakini ng'ombe unauza saa hiyo hiyo. Siwezi kuwahukumu. Marina Silva, aliyetembea na Chico kwenye empate na ambaye naye alijifunza kusoma akiwa na miaka 16, amekuwa waziri wa mazingira wa Brazil mara mbili, na sehemu ya kazi yake imekuwa kuhangaika na moto unaowaka ndani ya hifadhi kama hiyo.

Sheria ya Brazil inakataza kukata mti wa njugu za Brazil, kwa hivyo ukipita barabara za Acre utaiona imesimama peke yake katikati ya malisho, mirefu, ng'ombe wamelala kivulini. Mingi haizai sana. Maua yake yanahitaji nyuki wakubwa wa msituni, na hao nyuki waliondoka na msitu. Ndani ya hifadhi, ambako msitu bado uko, watu wanaingia na vikapu mgongoni kila Januari, macho juu wasipigwe na tunda.